Kumi, Siyo Mia na Ishirini

Bwera, Kasese
Uganda
Jumamosi asubuhi, Novemba

Dada yangu Wakesho,

Kwanza niambie habari za kifua chako. Kile kikohozi cha Julai kimekuachia, au bado unakificha Mama asisikie? Na Mama mwenyewe, goti linamruhusu kufika kanisani, au mchungaji bado anamfuata nyumbani? Mimi mwili wangu hauna neno. Nakula vizuri, mvua hainisumbui, na mbu wa huku wameshanizoea. Yaliyo mabaya hayako mwilini, na ndiyo yaliyonifanya nitafute karatasi badala ya simu. Kwenye simu ungeniuliza "halafu?" mara moja tu, nami ningekata maneno nikasingizia mtandao. Hapa mpakani kisingizio hicho kiko tayari siku zote, maana ukigeuka kidogo tu simu inashika mtandao wa Kongo. Ndiyo maana nimeona niandike, nisijipe nafasi ya kukimbia.

Najua nilikuahidi barua tangu Pasaka. Nisamehe kwa hilo kwanza, ndipo tufike kwa mengine.

Kazi yenyewe ni nzuri. Yule rafiki yangu wa chuo aliyeniita huku bado yuko kwenye kiwanda cha saruji, ng'ambo ya pili ya mji wa Kasese, na tunaonana mara moja kwa mwezi. Hapa Bwera mimi ndiye Mkenya peke yangu shuleni. Wanafunzi wengi ni Wakonzo, watoto wa wakulima wa milimani na wa wafanyabiashara wa sokoni. Wananisikiliza, wananicheka Kiswahili changu wakisema ni cha redio, na wamenipa jina la Mwalimu Mkato, kwa sababu ya hesabu za mkato.

Na hizo hesabu, Dada, unajua zimetoka wapi. Zimetoka kwako. Zimetoka kwa yule mama mzee wa Kihindi wa duka la vitambaa pale Voi, aliyekuwa akikuchorea namba nyuma ya maboksi wakati wateja hawapo, akikwambia hizi ni hesabu za Vedi, za babu zao. Wewe ukirudi jioni unanifundisha mezani kabla hata hujavua viatu. Yote kutoka tisa, ya mwisho kutoka kumi. Wima na mshazari. Nilikuwa darasa la sita, na nakumbuka ulivyonipiga kidogo kichwani kwa sababu nilitaka kuanza kuzidisha kabla ya kuuliza nazidisha nini.

Hapa shuleni walipouliza, niliwaambia nimejifunza chuo kikuu. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Kweli najua: niliona aibu kusema nimefundishwa na dada yangu aliyekuwa karani wa duka. Naandika hivi uso umeniwaka. Lakini hilo nimeshalisahihisha, utaona mbele.

Mwezi wa tano nilianzisha klabu ya hesabu kwa wanafunzi wa kidato cha nne, wako ishirini na wawili. Nikaamua kuwafundisha kitu kilicho nje ya silabasi, yaani kuhesabu namna: vitu hivi vinaweza kupangwa kwa namna ngapi, watu hawa wanaweza kuchaguliwa kwa namna ngapi. Wewe hujawahi kunifundisha hilo, ila nilipolitazama niliona mkato wako unaingia humo vizuri kabisa.

Chukua namba za siri za simu, zile za tarakimu nne. Ngapi zina angalau saba moja? Ukianza kuzitafuta moja moja utazeeka. Mimi nikawaambia wahesabu zisizo na saba hata moja, ambazo ni tisa mara tisa mara tisa mara tisa, elfu sita mia tano sitini na moja, kisha watoe kwenye elfu kumi. Na kutoa ni kule kwako: sita kutoka tisa ni tatu, tano kutoka tisa ni nne, sita kutoka tisa ni tatu, moja ya mwisho kutoka kumi ni tisa. Elfu tatu mia nne thelathini na tisa. Walipiga meza kwa furaha, na nikaona kila mmoja anaifikiria namba ya mzazi wake kama ina saba.

Halafu ile ya wima na mshazari. Nikawaonyesha kumi na moja mara kumi na moja: 1 2 1. Zidisha tena: 1 3 3 1. Tena: 1 4 6 4 1. Na tena, lakini safari hii usibebe kumi kwenda kushoto, ziache zikae mahali pake: 1 5 10 10 5 1. Mstari huo, nikawaambia, unakujibu ukitaka kuchagua watu kati ya watano. Namba ya kwanza ni ya kutochagua mtu, ya pili ni ya kuchagua mmoja, hivyo kuchagua watatu wa kufagia darasa ni ile kumi ya pili. Ukibeba utapata 161051 na kumi zako zitapotea humo ndani. Nilijisikia mtu mkubwa sana siku hiyo.

Sasa nifike penyewe. Kuna shule moja kule Kasese mjini ambayo hufundisha hesabu hadi kidato cha sita, na walimu wake ni wa uhakika. Yetu inaishia kidato cha nne. Shule hiyo hupokea mwanafunzi mmoja tu kutoka kila shule ya huku, kwa jina atakalolitoa mwalimu wa hesabu, kisha inamhoji. Mmoja tu. Asiyepata nafasi hiyo, kama hana njia nyingine, hesabu yake inakomea hapa. Nilitunga mtihani wa maswali kumi ili nimpate huyo mmoja.

Swali la kumi nilitaka liwe tamu, liwe la kwao. Nikaandika: Mzee mmoja ana watoto watano, Baluku, Bwambale, Masereka, Masika na Biira. Watoto hawa wangeweza kuzaliwa kwa mfuatano wa namna ngapi? Nilitaka tano mara nne mara tatu mara mbili mara moja. Mia na ishirini.

Wanafunzi ishirini na mmoja waliandika mia na ishirini. Mmoja aliandika kumi. Alikuwa ni Mbambu, binti wa mkulima wa kahawa kutoka Mahango, mlimani, anayelala bwenini. Ni mrefu, haongei sana, na akiongea hutazama dirishani. Chini ya swali alikuwa ameandika 1 5 10 10 5 1, akazungushia duara ile kumi ya pili, basi. Mimi nikampiga X nyekundu na pembeni nikaandika: Usikisie.

Kwa alama hiyo moja Thembo, mvulana mchangamfu wa hapa hapa Bwera, akapata tisa, na Mbambu akapata nane. Nikatuma jina la Thembo Kasese kesho yake.

Nilipowarudishia karatasi wazitazame kabla sijazikusanya tena, Mbambu alisimama. Darasani tunatumia Kiingereza, lakini alisema kwa Kiswahili, nadhani ili nisikie vizuri.

"Teacha, Bwambale hawezi kumutangulia Baluku."

Nilidhani ananiambia mambo ya heshima, kwamba ukoo fulani hukaa mbele ya mwingine. Sikumwuliza hata neno moja. Nilimjibu, "Mbambu, hesabu haina kabila." Darasa likacheka, nami nikakiona kicheko hicho ni sifa. Akaketi. Dada, sentensi hiyo niliipenda sana. Niliirudia jioni nikiongea na walimu wenzangu.

Wiki mbili baadaye, asubuhi moja, nilikuwa uani nachota maji. Mama mwenye nyumba akatoka kwa jirani akifuta mikono, amechoka lakini anatabasamu.

"Mwalimu, usiku imetupatia Kule."

"Nani huyo?"

"Mutoto. Jirani amezaa. Iko mwanaume, mukubwa hivi!"

Nikamwuliza mtoto amepewa jina lini, na jua ndilo kwanza linatoka. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yamelowa.

"Jina haipewe, Mwalimu. Jina inajulikana. Mutoto mwanaume wa kwanza ni Baluku, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, wa ine Kule. Basichana nao: Masika, Biira, Kabugho, Mbambu. Huyu mama alizaa bavulana batatu, sasa huyu iko Kule."

"Lakini mimi namwona na wawili tu."

"Baluku alikufa. Alikuwa mudogo sana, hata hakutembea." Akasema kwa upole. "Lakini iko Baluku wao. Nafasi yake hawapatie mwingine."

Ndoo ilijaa, ikamwagika miguuni, nami sikusogea. Kama wavulana watatu ni Baluku, Bwambale na Masereka, basi wamezaliwa kwa utaratibu huo na si mwingine, maana mfuatano wenyewe ndio uliowapa majina. Vivyo hivyo Masika na Biira. Kinachobaki kuuliza ni wasichana hao wawili waliingia wapi kati ya kaka zao. Nafasi mbili kati ya tano. Kumi. Hakuna mia na ishirini hapo. Ingekuwaje Bwambale azaliwe kabla ya Baluku? Angekuwa Baluku!

Tena mimi, Dada! Mimi Mwakio, niliyezaliwa usiku, mdogo wake Wakesho aliyezaliwa alfajiri. Kwetu jina linasema saa. Nilipaswa kuwa mtu wa kwanza Bwera nzima kuuliza jina la mtoto linasema nini. Nilikuwa na Baluku wanne kwenye klabu, na miezi yote hiyo nilidhani ni jina linalopendwa tu.

Sasa sikiliza nilichofanya baada ya kujua. Sikufanya kitu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kosa lenyewe. Nilizirudia karatasi za Mbambu na Thembo chumbani, nikabadilisha alama kwa penseli, tisa kwa Mbambu, nane kwa Thembo, nikazifungia sandukuni. Nikajiambia jina limeshakwenda. Nikajiambia mvua imeharibu barabara. Nikajiambia Mbambu mwenyewe amesahau. Mama yake Thembo alikuwa ameshapeleka jogoo kanisani kushukuru, akaja shuleni kunishika mikono yote miwili, na mimi nikapokea shukrani hiyo nikiwa najua. Siku kumi na moja nilipita mbele ya Mbambu gwarideni, nikimwitikia salamu na kuangalia viatu vyangu.

Siku ya kumi na moja alinifuata nje ya ofisi na daftari la klabu.

"Teacha, hii kitabu mupatie mwingine. Iko na kurasa mingi bado."

"Kwa nini, Mbambu?"

"Hesabu haiko yangu," akasema akiangalia pembeni. "Ile swali nilihesabu vile kwetu nyumbani majina inafuatana. Nikaona ni kumi. Kama hata bandugu zangu siwezi kuhesabu, nitahesabu nini?"

Nilipokea daftari lile, nikafungua kurasa zake. Nilipoinua kichwa, yeye alikuwa ameshaondoka, ameomba ruhusa ya kwenda Mahango kumsaidia baba yake kuchuma kahawa.

Nilikwenda moja kwa moja kwa hedimasta. Hedimasta wetu aliwahi kuwa jeshini, na mpaka leo anaongea kama yuko mbele ya kikosi. Nikamweleza yote. Akasikiliza mikono nyuma.

"Ni swali moja?"

"Moja, mkuu."

"Na jina imeenda?"

"Imeenda."

"Basi wacha hiyo maneno. Unataka mimi niambie mama ya Thembo arudi kanisani kuchukua jogoo yake?" Nilipobaki nimesimama pale pale, akaguna. "Sikia. Ukitaka kuandika, andika na mukono yako, sema kosa ni yako. Na usipeleke nusu."

Kesho yake nilikuwa Kasese na karatasi zote mbili. Anayewahoji wanafunzi ni mama mmoja wa makamo, Mkonzo, mwalimu wa hesabu miaka mingi. Alisoma swali la kumi amesimama. Kwanza alicheka, halafu akaacha kucheka.

"Hii swali uliuliza Bakonzo?"

"Ndiyo, Madamu."

"Na ukasahihisha mwenyewe, bila kuuliza mutu?"

"Ndiyo."

Alikaa akatazama mstari wa Mbambu, 1 5 10 10 5 1, akapitisha kidole chini yake. "Huyu musichana anafikiri," akasema. Kisha akaniambia kwa uwazi: nafasi ni moja. Nimlete Mbambu Jumamosi ya wiki ijayo, amhoji. Akifaulu, nafasi ni yake. Asipofaulu, jina la kwanza linabaki, na Thembo atahojiwa mwisho wa mwezi kama ilivyopangwa. "Lakini iko moja, Mwalimu. Usiniletee babili ukaniangalia na macho ya huruma."

Jumamosi iliyopita, siku moja baada ya Kasese, nilipanda Mahango. Usione milima ya kwetu ukadhani unajua kupanda! Nilifika matope magotini, nikamkuta baba yake Mbambu amepiga magoti kwenye turubai, anageuza kahawa kwa viganja. Mbambu alituletea viti akasimama nyuma ya nyumba, mahali pa kusikia bila kuonekana. Nilisema yote kwa mpangilio: swali, X, kicheko cha darasa, jina lililokwenda. Mzee hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza jambo moja.

"Ulijua lini?"

"Siku kumi na tatu sasa, Mzee."

"Kumi na tatu." Akaendelea kugeuza kahawa. "Kukosa, kila mutu anakosa. Wewe hauko wa hapa. Lakini hizo siku ulikuwa unafanya nini?"

Dada, hasira ningeiweza. Aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaka kweli kujua. Nikamwambia nilikuwa naogopa kuonekana sijui. Akatikisa kichwa, si kwa kukubali wala kukataa, akasema mwenye uamuzi ni binti. Akamwita.

Mbambu alisema haendi.

"Nitafika kule, nitajibu kumi, watasema ninabahatisha."

Nikamwambia yule mama wa Kasese ameisoma karatasi yake na kuisifu. Aliokota punje za kahawa zilizotoka nje ya turubai, akazirudisha. Halafu akasema atakwenda, lakini kwanza nilisahihishe swali lile ubaoni, mbele ya klabu yote, na yeye akiwa amekaa pale pale alipokuwa siku ile. Hakutaka nimwombe msamaha. Aliomba ubao tu.

Nilifanya hivyo Jumatano. Niliandika mia na ishirini nikaikata, nikaandika kumi. Nikasema Mbambu alipata, mimi nilikosa, na alipotaka kunifundisha nilimfanya kichekesho. Nikasema pia hesabu hizi za mkato sikuzitoa chuo kikuu, nimefundishwa na dada yangu Wakesho wa Voi, aliyefundishwa dukani, na kwamba yeye aliwahi kunigonga kichwa kwa kosa hili hili la kukimbilia namba kabla ya kuuliza nahesabu nini. Walicheka kidogo, nikafurahi wacheke.

Kisha, sijui nilipewa na nani wazo hilo, nikauliza: siku ile ya mtihani, ni nani mwingine aliyejua kwamba haiwezi kuwa mia na ishirini?

Mkono mmoja uliinuka nyuma. Halafu mwingine. Halafu dawati zima. Thembo aliinua wa mwisho, hakuunyoosha sana. Mikono ishirini na mmoja, Dada. Nikauliza, basi kwa nini mliandika mia na ishirini? Kila mmoja akamtazama mwenzake, na Baluku mmoja wa mbele ndiye aliyejibu, kwa adabu kabisa.

"Teacha, tulijua unataka mia na ishirini."

Sikuweza kuendelea na somo. Niliwaambia wasome wenyewe, nikatoka nikasimama kwenye veranda nikitazama mvua inavyoteremka mlimani. Nimewafundisha miezi minane na hilo ndilo walilojifunza kwangu: kujua ninachotaka. Mmoja tu aliandika anachokijua, na huyo ndiye niliyempiga X.

Leo ndiyo siku yenyewe. Nilikuwa nimepiga pasi shati, nimejiandaa kumpeleka Kasese, lakini jana jioni Mbambu alikuja mlangoni na kusema kwa heshima, "Teacha, wewe bakia. Nitaenda na baba." Nikabaki. Sasa hivi ninapoandika ni saa nne, bila shaka ameshaingia ndani. Sijui kuomba kwa maneno mengi, lakini tangu asubuhi naomba.

Dada, usimwambie Mama yote haya, mwambie tu kwamba mwanawe anajifunza kunyamaza kabla ya kujibu. Nisalimie shemeji yangu, mume wako, na umwambie redio yake bado inafanya kazi huku, ila inapenda zaidi stesheni za Kongo. Wapwa zangu wote wawili nawabusu, yule mkubwa aendelee kukusumbua na maswali. Mjomba Mwandoe, fundi wetu wa viatu, mwambie vile alivyonishonea vimepanda Mahango na kushuka bila kufunguka. Nyanya mzaa mama mshike mkono kwa niaba yangu, nawe ujishike hicho kifua, usifanye ujeuri na baridi.

Nilikuwa nimeshafika kwenye salamu, Dada, nikasubiri mpaka saa sita na nusu, ndipo simu ikalia. Nimerudi mezani sasa hivi.

Alikuwa mzee wa Mahango, anapiga kelele kwenye simu kama watu wanaoshuku umbali. "Mwalimu! Wamemupokea! Wamemupatia nafasi!" Nikasikia watu wanacheka nyuma yake. Nikabaki nasema asante, asante, kama mjinga. Nikaomba nimpongeze Mbambu mwenyewe. Akampa simu.

Nikampongeza. Akasema asante, Teacha. Nyuma yake nilisikia magari ya Kasese yakipita.

"Teacha, Thembo anajua?"

Sikuwa nimemwambia. Jumatano nilisahihisha swali, nikakiri mbele ya wote, lakini sikusema kwamba nafasi yenyewe inaweza kumtoka. Nilijiambia kuna haja gani ya kumwumiza kijana bure, pengine Mbambu asifaulu. Siku tatu nimepita mbele yake nikimwitikia salamu. Umeona, Dada? Nilichomfanyia msichana nimekirudia kwa mvulana, na wino wa kukiri haujakauka. Mama yake alinishika mikono yote miwili.

"Bado," nikamwambia.

"Utamuambia lini?"

Nilifungua mdomo kusema Jumatatu.

Naiacha kalamu hapa. Kwao Thembo ni bondeni, karibu na mto wa mpakani, na saa hizi yeye na mama yake wako shambani, hurudi saa nane. Sasa ni saa saba. Nataka wakirudi wanikute nimeketi mlangoni kwao.

Mdogo wako,
Mwakio